Majina Yaliyoteremka kwenye Kioo

Mpwa wangu Neema,

Kamwene. Anayekuandikia ndiye mjomba aliyeifundisha Makambako yote kompyuta, usisahau. Mama yako mzima. Viazi vyetu vya shambani Kichiwa vimeungua kwa baridi, tunavumilia.

Umeuliza utajuaje prosija zote zilizomo kwenye hifadhidata, yaani zile kazi ambazo mashine imefundishwa kuzifanya yenyewe. Rahisi sana. Hifadhidata ina jedwali lake linalotunza majina ya vyote vilivyomo. Liulize hilo, uliambie likupe prosija peke yake.

Mimi niliuliza hivyo kampuni yetu ya pareto ilipouzwa. Tajiri mpya aliniita mbele ya wote: "Fundi, hebu nionyeshe mashine hii inajua kazi gani."

Nikabonyeza, majina yakateremka: pokea mzigo, kadiria unyevu, gawa magunia. Mzee Yohana, aliyekadiria unyevu kwa kusugua maua kiganjani, akacheka. "Kumbe na mimi nimo!"

"Umo," tajiri akasema. "Basi kapumzike nyumbani, mzee."

Akaendelea hivyo, jina kwa jina, mtu kwa mtu. Waliobaki walipokuja kuifungua ile prosija ya unyevu, ndani hamkuwa na kitu. Bila wa kukadiria unyevu, pareto ikaozea ghalani. Orodha hukupa majina tu, Neema. Fungua kila moja uisome kabla hujamwonyesha mkubwa yeyote.

Huku nawaambia watu kwamba niliacha kazi mwenyewe, kwa hasira. Ukweli ni kwamba jina la mwisho lilikuwa "chapisha orodha", kazi yangu mimi, na tajiri alipolifikia nilikuwa bado natabasamu, nasubiri kusifiwa.

Mjomba wako,
Erasto