Mikaratusi Iliyokunywa Mfereji Wako

Ombati rafiki yangu,

Nimekaa kwenye kinu chako cha maji, juu ya lile jiwe la chini, na tangu nishike kalamu nimeshainuka mara tatu. Mara ya kwanza nilikwenda kuangalia maji. Mara ya pili nilikwenda kuangalia maji. Mara ya tatu nilijidanganya kwamba naenda kumfunga ng'ombe, nikajikuta nimesimama mferejini tena. Ninakuandikia Kiswahili kwa sababu ndicho tulichozoea kuchekea kule Kericho, tulipokuwa vijana wa kuchuma chai ya Wazungu. Ulikuwa ukisema lugha hii inafaa kwa mambo ambayo wake zetu hawapaswi kuyajua. Hili ni mojawapo, ijapokuwa mke wako ameshalisikia, na watu wote wa Ikonge pia.

Nianze na habari za huku. Tangu vita vya kule Uarabuni, dizeli ilipanda bei, halafu ikapotea kabisa. Mashine yangu ya kusaga, ile uliyoipa jina la Mkohozi, imenyamaza. Najua ungecheka. Kiwanda cha chai nacho kilikuwa kinakausha majani kwa mafuta, na wiki mbili mfululizo gari la mafuta halikuja. Tulimwaga majani yetu kando ya barabara, Ombati, tukayatazama yakigeuka meusi.

Lakini ya chai yanavumilika. Unakumbuka juma letu? Mimi Msabato, Ijumaa jua likizama nafunga mashine. Wewe Mkatoliki, Jumapili kinu hukigusi. Mama mwenye debe la wimbi alijua Jumamosi aende kwako mtoni na Jumapili aje kwangu juu. Ulisema Mungu ametupa madhehebu mawili ili mtu asikose ugali. Sasa juma zima limefungwa. Wanawake wamerudi kusaga kwa jiwe la mkono, wamepiga magoti, na mke wangu akimaliza hawezi kunyoosha mgongo.

Kinu chako kingetuokoa. Hakidai dizeli ya mtu. Kinadai maji tu, na maji hayapo, na ni mimi niliyeyamaliza.

Haya, nimeliandika. Nimeinuka na kukaa tena.

Unajua ilivyoanza. Bwana shamba alikuja na miche ya mikaratusi, akasema mti huu unakua upesi, baada ya miaka michache una kuni, una nguzo, una pesa. Alisema tuipande mlimani, kwenye ardhi isiyofaa kitu. Mimi, mwerevu wa kijiji, nikaona ikinywa vizuri itakua upesi zaidi. Nikaipanda kwenye lile tope langu juu ya chemchemi, pale mfereji wako unapoanzia. Ulikuja ukasimama, mikono mgongoni, ukaitazama miche iliyokuwa bado haifiki gotini. Ukaniambia, "Makori, huyu ni mlevi. Atakunywa hapa kila siku, na hata siku moja hatanunua."

Nilicheka mpaka nikashika tumbo. Nilikwenda kuwasimulia watu pale sokoni Masimba, nao wakacheka.

Mwaka wa pili maji yalishuka mferejini. Mwaka wa tatu gurudumu lilikuwa likizunguka asubuhi na kupumzika mchana. Ukaniuliza, kwa upole wako ule, kama naona ni nini. Nikakujibu ni mvua, mvua ya siku hizi si ile ya zamani. Na kweli ilikuwa imepungua, kila mtu alikuwa analalamika. Uongo uliotiwa ukweli kidogo humezwa vizuri, nami nilikumezesha. Ukaniamini. Ulikuwa umeniamini tangu Kericho.

Kuna siku moja isiyoniacha. Ulikuwa umeshaanza kukohoa. Nilikuwa juu kwenye mikaratusi yangu, nikakuona chini umepiga magoti mferejini, unachota matope kwa mikono na kuyatupa ukingoni. Ulidhani pameziba. Palikuwa safi, Ombati. Palikuwa safi kama sahani. Nilisimama nyuma ya mti nikakutazama unazibua mfereji usioziba, na sikushuka. Baada ya miezi miwili tulikuzika. Sisemi tope lile ndilo lililokuua, daktari alisema ni mapafu. Nasema tu kwamba sikushuka.

Sasa sikia la baraza.

Chifu alituita uwanjani. Mkuu wa tarafa alikuja na yule bwana shamba, amenenepa siku hizi. Wakasema serikali haitaki tena nchi itegemee mafuta ya watu. Huko mbali watajenga mabwawa ya umeme. Kiwanda chetu kitageukia kuni. Na sisi tutapanda mikaratusi, na mahali pazuri ni mabondeni, kando ya mito, ambako mtu hapandi chai. Miche ilikuwa imeshafika, lori zima. Nilishtuka. Yule yule aliyetuambia mlimani sasa anasema mtoni. Amebadilishwa na nini? Akaninyooshea kidole. Amebadilishwa na mimi! Alikuwa amepita akaona mikaratusi yangu ilivyorefuka, kumbe nimekuwa mwalimu wake. Akasema mzee Makori ni mkulima wa mfano, asimame awaeleze wenzake. Watu wakapiga makofi. Chifu alikuwa ameshaninong'oneza kwamba kiwanda kitanipa mimi kwanza mkataba wa kuni, na unajua binti yangu Moraa yuko sekondari, na karo haingoji.

Mke wako alikuwa ameketi mbele, kwenye nyasi, na kile kitambaa cheusi bado kichwani.

Nilisimama. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kushukuru serikali. Nikaanza kuyasema, haki ya Mungu nilianza, nikafika katikati, nikamwona bwana shamba akitikisa kichwa kwa furaha kama uliyokuwa nayo gurudumu likishika kasi. Yakanikwama. Nikasema, "Msiipande mtoni. Yangu ndiyo iliyokausha kinu cha Ombati. Nilijua, nikamwambia ni mvua."

Mkuu wa tarafa akaangalia saa. Bwana shamba akasema mzee amechanganya mambo, kinu kimoja si sababu ya kurudisha nchi nyuma. Hapo hasira ikanipanda. Nikamwambia nchi ni hawa waliokaa hapa, wanaosaga kwa magoti, na kuni wanazitaka, miti tupande, lakini tuipande juu kwenye mawe, na chini tuache maji yafanye kazi yake. Kwani lazima tufukuze njaa moja kwa kuita nyingine? Sijui nilitoa wapi maneno hayo. Nadhani yalikuwa yako.

Nilimngoja mke wako, Mama Nyaboke, anitukane. Ningependa anitukane. Aliinuka, akakung'uta nyasi kwenye gauni, akanijia mpaka karibu, akasema polepole, "Ukiikata, shemeji, matawi uniletee. Sina kuni." Akaenda hatua mbili, akageuka. "Na visiki ung'oe. Ukiviacha vitachipua."

Mpaka leo hajasema lingine.

Usidhani nilishinda. Wengine wamepanda juu kama nilivyoomba. Wengine walichukua miche wakaenda nayo moja kwa moja mtoni, wakinikonyeza, maana wameona yangu ilivyorefuka. Mkataba amepewa mtu mwingine. Moraa nimemwandikia nikamweleza, bado hajanijibu. Kanisani wapo wanaoniamkia kwa kichwa tu.

Mikaratusi nimeiangusha yote. Matawi nilimpelekea mke wako, mzigo baada ya mzigo, nikawa naushusha mlangoni na kuondoka. Visiki ndivyo vinavyoniua. Kimoja kinanilia siku mbili, mizizi imekwenda chini kana kwamba inamtafuta mtu. Nimeng'oa kumi na saba, na vilivyobaki sitaki kuvihesabu. Vijana wamejitolea kunisaidia, nikawafukuza. Najua ni upumbavu. Nitawaita kesho.

Na maji? Ndiyo maana siwezi kutulia, rafiki yangu. Kila saa nakwenda kuangalia. Jana mdomo wa mfereji ulikuwa mkavu. Leo asubuhi niliweka kiganja pale, na kilipotoka kilikuwa na unyevu. Huenda ni umande. Nimerudi tena sasa hivi, jua kali, umande umeshakauka, na kiganja bado kinatoka na unyevu.

Basi lala, Ombati. Wewe lala, mimi acha nihangaike, ni zamu yangu. Sikuombi unisamehe leo, nitakuomba siku nitakayokisikia kinu chako kutoka kwangu juu. Siku hiyo mke wako ataachilia maji yapige gurudumu, na ninakuahidi gunia la kwanza la wimbi litakuwa langu, nimelibeba mwenyewe kichwani, watu wanione. Jumamosi siji, unanijua. Nitalileta Ijumaa, kabla jua halijazama.

Wako,
Makori