Pua ya Ukuta wa Magharibi

Jumatatu, 7 Machi 2011
Nimesema! Dokta Urrutia, mkuu wa uchimbaji wa magofu yetu, alipanda jukwaa la waashi asubuhi, akauliza nani ana la kumweleza kuhusu ukuta wa magharibi. Nikasema ile sura ya mungu wa mvua, ya mawe, pale pembeni, pua yake imegeuzwa. Imejikunja kwenda juu. Pua za majengo ya jirani zote zinaelekea chini. Akanitazama — mara ya kwanza tangu niajiriwe. Nani aliiweka hivyo, akauliza. Nikamtaja Mzee Fulgencio Poot, mwashi wetu, aliyeijenga upya miaka thelathini iliyopita. Ndiye aliyenifundisha kuyasoma mawe haya. Hilo sikulitaja.

Jumatano, 9 Machi
Dokta kamwita Mzee mbele ya vibarua wote. Mzee akajieleza: mawe aliyakuta yamelala hivyo, akayarudisha hivyo. "Wewe mzee ni fundi wa mabanda ya kuku," Dokta akasema. Watu wakacheka — na mimi! Akapewa patasi aing'oe mwenyewe. Saa mbili nzima, juani. Pua ikapasuka vipande vitatu. "Hata kubomoa hujui!"
Mzee akashuka, akajifuta vumbi, akaniuliza kwa Kimaya chetu: "Umekula, mwanangu?"
Afadhali angenitukana.

Ijumaa, 11 Machi
Mkataba mpya. Msimamizi wa michoro! Mama kachinja bata mzinga. Fungu langu nimemwachia yeye.

Jumatatu, 14 Machi
Balaa. Tumechimba chini ya ukuta uleule, mahali pasipowahi kuguswa. Sura nyingine — imeanguka nzima, chokaa ya kale bado imeshika kila jiwe. Hakuna fundi aliyeitia mkono tangu siku ilipoanguka. Pua inaelekea juu.
Mzee akapiga magoti, akaipuliza vumbi taratibu.
"Na hii nani kaigeuza, binti?"
Nikainamia daftari langu la michoro.
Dokta akanivuta kando. Akasema ripoti ya kosa la Mzee imeshakwenda, na jina la kwanza ni langu, sio lake yeye Dokta. Vibarua wakirudi kutoka kula wasiikute hii sura. "Fukia." Akanipa koleo, akaenda zake.
Mzee hakwenda kula. Kakaa mle shimoni, miguu kaizungushia ile sura kama anapakata mtoto. Nikamwambia, toka babu, nakusihi.
"Fukia tu. Si umetumwa?"
Koleo la kwanza nimelimwaga mbali naye. La pili limemfikia magotini. Hakujipangusa. La tatu — sijui kwa nini nimelijaza vile. Yaliyofuata sikuyahesabu.
Nimekaa ukingoni naandika. Udongo umemfika kiunoni. Gari la vibarua linasikika likirudi kule barabarani, na yeye hata kichwa hainui —