Binti Yetu Anaipenda Shule Ambayo Baba Yake Haitaki

Mshauri mpendwa, shikamoo ikiwa umenizidi umri, nina jambo limenikaa kooni, si msiba wala si ugomvi, ni furaha tupu, na ndiyo maana sijui nimpelekee nani.

Mimi ni muuguzi, mume wangu ni fundi wa majokofu, tulikaa ughaibuni kikazi na binti yetu akaanza shule hukohuko, shule ambayo watoto hukaa kwa makundi kwenye mkeka, humwita mwalimu kwa jina lake, hakuna wa kwanza wala wa mwisho, na mtoto akisema "sikubaliani" anapongezwa, nasi kwa maswali yake tukampachika jina Kwanini. Mwaka huu tumerudi nyumbani, tukamwandikisha shule ya jirani, madawati yamepangwa mistari, mwalimu akiingia darasa zima linasimama, na jedwali la kuzidisha linaimbwa kwa pamoja hadi wapita njia wanalijua.

Wiki ya kwanza tu mwalimu alikuwa anaeleza hesabu ubaoni, mwanangu akasema kwa sauti, "Mwalimu, mimi sikubaliani." Nikaitwa. Nilikwenda na sare ya kazini, roho juu, nikamkuta mwanamke wa makamo mwenye vumbi la chaki hadi kwenye nyusi.

"Mama, mtoto wako ana mdomo," akaniambia.

"Naomba radhi, mwalimu."

"Radhi ya nini? Alikuwa sahihi, nilikosea kuandika. Ila hapa wapo sitini, wote wakisema hawakubaliani kwa pamoja nitafundisha saa ngapi? Mwambie anyooshe mkono, nami nitampa nafasi."

Basi, mshauri, nafasi aliipata, na sasa kabla ya kengele ya kurudi nyumbani kuna wakati wa maswali, watoto waliokuwa hawafungui kinywa wanauliza kwa nini mwezi unatufuata, na mwalimu asipojua anasema "kesho," na kesho kweli anakuja na jibu. Na Kwanini wangu, aliyekuwa akizidisha kwa vidole, sasa anaimba jedwali akiosha vyombo, ana mashoga wa kupiga nao soga, na asubuhi anaamka kabla sijamwamsha.

Tatizo ni baba yake. Yeye utotoni alichapwa kwa kumuuliza mwalimu kwa nini dunia haidondoki, hajasahau hadi leo, anasema mtoto atageuzwa kasuku, na ameshapata nafasi katika shule ya mtindo wa kule, upande wa pili wa mji, anataka ahamie muhula ujao. Juzi binti alikuwa akiimba jikoni, aliposikia baba yake anafungua mlango akanyamaza ghafla, akaninong'oneza, "Mama, usimwambie baba kwamba napapenda. Atahuzunika." Nikamkubalia. Sasa tunaimba kwa kuibia ndani ya nyumba yetu wenyewe, na mume wangu akinikumbusha habari ya kuhama namjibu "sawa, tutaona," naye ni mtu mwema, sitaki aumie, lakini sitaki mtoto ahame, nifanyeje?

Mama Kwanini

JIBU

Marahaba, Mama Kwanini. Barua nyingi zinazonifikia ni za watoto wanaoikimbia shule. Wako anaikimbilia, na bado unalia. Hongera. Sasa kaa nikusute.

"Sawa, tutaona" ni jibu gani la mke kwa mumewe? Wewe unaona, yeye haoni, kwa sababu umemfungia dirisha. Na mtoto umemwachia somo lisilofundishwa huku wala kule: kuficha furaha yake ili mzazi asiumie. Huo ni mzigo wa watu wazima. Mtue.

Mumeo simcheki. Fimbo ya utotoni haiponi upesi. Lakini anagombana na mwalimu wake wa zamani, na huyo hayumo darasani mwa binti yenu. Shule ya kule ilimpa mtoto ujasiri wa kuuliza. Hii inampa subira ya kungoja zamu na kichwa kinachoshika. Anahitaji vyote. Na mwalimu anayekiri mbele ya mzazi kwamba alikosea, huku ana watoto sitini, wapo wangapi? Mshikeni. Hata hivyo, usilewe asali: siku maswali yakikoma au fimbo ikionekana, rudi kwenye wazo la mumeo bila aibu.

Fanya hivi. Leo mwambie yote, na hilo neno "atahuzunika" mwambie vilevile lilivyotoka. Litamchoma, acha limchome. Kisha mwombeni mwalimu ruhusa, mumeo akakae dawati la nyuma wakati wa maswali, asikilize, na akiwa na lake anyooshe mkono kama wengine. Mkirudi nyumbani kaeni watatu, mtoto aseme wa kwanza, ninyi mfuate. Kabla ya hapo, lisihamishwe hata daftari.

Na maneno haya usimwambie kabla hajala. Baba mwenye njaa hukubali upesi, akishashiba anakana.