Presha ya Gari la Daudi

Mzee Karim,

Gereji bado iko wazi. Mama Yasmin anafika asubuhi kutoka nyumbani kwenu, anakalia kiti chako pale mlangoni na kutazama barabara. Siku hizi hapa Nakuru sote tunatazama barabara.

Uliondoka kabla ya kura, na mara nyingine nasema afadhali. Hukuuona moshi wa nyumba zikiungua upande wa Molo. Hukuona maduka ya Bondeni yakifungwa mchana, wala majirani wakisalimiana bila kusimama.

Nakuandikia kwa sababu ya Daudi, yule muuza matairi mwenye Subaru ya turbo. Unakumbuka alivyokusumbua uongeze presha ya hewa ya turbo ili gari likimbie zaidi? Ulimwachia springi peke yake, ile inayoachia kile kilango cha turbo kifunguke hewa ikitosha, ukamwambia, "Gari yako iko sawa. Wewe ndiye una haraka." Tulicheka mpaka ukashikwa na kikohozi. Kile kikohozi... basi.

Mwezi wa kwanza alikuja, na safari hii hakuwa na mzaha. Dada yake Rahel na watoto wake walikuwa wamejificha kanisani huko juu, kupita Sachangwan. Vijana walikuwa wameweka mawe barabarani. Daudi alitaka gari la kutoroka.

"Tito, nifungulie yote," aliniambia. "Fanya vile mzee alikataa."

Ningeweza kuiacha springi kama ulivyoiweka. Au nipachike valvu ya kuzungusha kwa mkono, inayoidanganya springi ichelewe kufungua ili presha ipande. Kulikuwa pia na kile kifaa cha umeme cha kuongoza presha, chenye vitufe ndani ya gari. Hicho ndicho kingefaa kuliko vyote, lakini lazima ukipime barabarani siku nyingi, ukirekebisha kidogo kidogo, na barabara zenyewe hazikuwa zikipitika. Nikapachika valvu. Tukapanda nayo upande wa Menengai. Mwanzoni gari liliruka nikasikia raha, Mungu anisamehe. Kisha mshale wa presha ukapita pale nilipoweka, ukaendelea kupanda, injini ikaanza kulia kama kokoto ndani ya mkebe. Sauti ile ulinifundisha wewe. Hewa imezidi petroli, na ukiendelea kukanyaga, pistoni inatoboka.

Tuliporudi nikaing'oa. Daudi akanishika shati.

"Unataka wanishike?"

"Nataka injini isikufie ukiwa katikati yao."

Akaenda na springi yako. Kesho yake mchana akarudi nao wote, na gari halikusumbua hata mara moja. Lakini walipokuwa wakipanda kutoka kanisani kuja lami, gari limejaa watu na mizigo, vijana waliwaona wakaanza kuwakimbilia. Gari lilipanda polepole. Jiwe lilipita dirishani. Rahel amepoteza jicho, mzee.

Daudi alisimama hapa langoni mara moja tu, akasema ile valvu ingewatoa pale. Tangu hapo hupita bila kugeuza kichwa. Labda ni kweli. Kilima chenyewe ni kifupi, labda injini ingestahimili. Na labda ingekufa pale pale, na leo kusingekuwa na mtu wa kunikasirikia. Ningekuuliza wewe. Sina mwingine wa kumuuliza.

Kuna jambo lingine. Habari imeenea kwamba hapa tunajua turbo. Wanakuja watu nisiowajua, wamejaa ndani ya gari, wanataka presha iongezwe leo leo. Nikiwauliza wanakwenda wapi, wanatazamana. Nawaambia fundi wa hiyo kazi alifariki. Jana mmoja hakuondoka haraka. Alizunguka gereji mikono mfukoni, akamtazama Mama Yasmin, akaniuliza, "Huyu mathe anaishi na nani?"

Nikasema anaishi na wanawe, vijana wakubwa. Akatabasamu. Nadhani anajua hana mtoto wa kiume.

Pumzika, mzee. Mama Yasmin nitamhamishia kwetu Jumapili, hata akinigombeza njia nzima. Nakuahidi hilo. Na kesho naenda kwa Rahel. Sijamwona tangu atoke hospitali. Nitamweleza mwenyewe kwa nini gari lilikuwa polepole, na nitakaa upande ule ambao bado anaona.

Wako,
Tito