Sauti Isiyo na Jina

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku Bisibo tu wazima, na babu yako bado anagombana na kuku.

Umeuliza kama uamini ile sauti iliyosambaa kwenye simu, kwamba kituo chenu cha kura hapo Ngara kimehamishwa.

Nilipopiga kura mara ya kwanza, wagombea walipewa alama, jembe au nyumba. Sokoni wakasema atakayechagua jembe atapelekwa kulima barabara. Nikaogopa, nikataka kubaki nyumbani.

"Nani kasema?" mama akauliza.

"Watu."

"Hao watu hawana majina?"

Akanishika mkono hadi kwa karani wa uchaguzi. Karani akatueleza: kumbe zilikuwa picha tu za kutambulisha wagombea.

Kesho nenda mwenyewe kituoni, uwaulize wahusika. Ukikuta foleni, jipange, mama. Hata mimi siku ile niliogopa, lakini nikajipanga nikapiga kura.

Bibi yako