Kadi ya Bima ya Chebet

Eldoret, Jumapili

Bado nina hasira. Jana jioni Chebet, mwenzangu wa chumba hapa chuoni, alibanwa na pumu hadi midomo ikabadilika rangi. Nikamkimbiza hospitali ya kibinafsi mjini, kwa sababu babake, mwalimu kule Soy, humlipia bima.

Karani aliitazama kadi. "Lazima ofisi ya bima ikubali kwanza."

"Basi wapigie simu."

"Wamefunga. Mrudi Jumatatu."

Jumatatu. Na mtu anatafuta pumzi mbele yake, ameshikilia meza. Nilimtukana, akaita askari atutoe nje. Kama Chebet angeanguka pale mlangoni...

Hospitali ya serikali hawakutaka kadi. Muuguzi alimdunga sindano kwanza, jina akauliza baadaye. Amelazwa kitanda kimoja na mama mwingine mgonjwa, lakini anapumua.

Leo amenishika mkono. "Usimwambie baba kwamba kadi ilikataliwa. Anajivunia sana hiyo bima."

Nilimtengenezea mto, akadhani nimekubali. Mzee anakuja kesho kumwona. Nitamwambia yote, hata Chebet akininunia muhula mzima.