Mguu wa Zimwi

Kaka yangu mpenzi,

Hatujambo, na mpwa wako sasa anajua maneno sita, matatu ya kuombea chakula. Nami nimepata kazi. Kuna vijana wanatengeneza filamu ya mazimwi kwa pesa za kuungaunga, wakanipa nitengeneze zimwi lenyewe, adui wa hadithi. Nimelisuka kwa waya na matambara. Nalisogeza kidogo, napiga picha, nalisogeza tena. Kutwa nzima linapiga hatua tatu.

Nilimkumbuka Baba alivyokuwa akijifunika blanketi, anaburuta mguu na kunguruma, "Nasikia harufu ya watoto wasiooga," nasi tuko chini ya meza, mbavu hatuna. Nikalipatia zimwi mwendo ule. Mwenye filamu akasema, "Dada, hapa umetisha." Lakini mwanangu alipoliona likitembea kwenye simu, akasema, "Babu."

Kaka, nilinyamaza nisikutie hofu. Baba amepooza upande wa kushoto tangu mwezi wa tatu. Kumbe mguu niliouiga ni huu wa sasa, wa ugonjwa, na siwezi kuuacha utishie watoto wa watu. Ule wa mchezo nimesahau kama ulikuwa wa kulia au wa kushoto. Nikimwuliza mwenyewe, anatabasamu tu.

Wewe ndiye uliyekuwa ukiung'ang'ania alipouburuta. Ulikuwa upi? Daktari anasema mazoezi yanamsaidia, nami naamini. Ukiweza, njoo unijibu kwa mdomo, Baba naye akisikia. Zimwi nimelisimamisha mezani, halisogei mpaka ufike.

Ni mimi, mdogo wako akupendaye.